Sura ya Sita: Jirani wa Ng'ambo ya Barabara

Buyenzi hakuna msiba wa mtu mmoja. Mtu akifariki alfajiri katika kartiye hii ya Bujumbura, jua halijapanda vizuri habari imeshafika msikitini, na kutoka msikitini imeshaingia soko la Ruvumera na kwenye gereji ambako vijana wanafungua injini kandokando ya barabara. Hakuna anayengoja kuombwa. Mmoja anakwenda kununua sanda, pamba na karafuu maiti. Mwingine anaulizia gari la kwenda makaburini. Wanawake wanaoshwa na wanawake wenzao, wanaume na wanaume, nyuma ya shuka iliyotandwa uani, na kila muoshaji anajua atashika wapi na atamimina maji lini, kwa sababu alijifunza kwa kumshikia mkubwa wake ndoo. Jeneza ni la msikiti. Jioni litarudishwa mahali pake. Viti na masufuria vinatoka nyumba za jirani, na daftari la michango linapita mkono kwa mkono: jina, kisha kiasi cha faranga. Aliyetoa kidogo anaandikwa kwenye ukurasa uleule na aliyetoa kingi.

Sheria ya Kiislamu inaiita kazi hii fardhi kifaya. Wakiifanya baadhi ya watu, wengine wameondolewa mzigo. Asipoifanya hata mmoja, dhambi ni ya wote. Wanachuoni wameieleza kanuni hiyo kwa urefu vitabuni, lakini faida yake mtaani ni ya kila siku. Kwa kuwa lawama ni ya wote, inabidi watu wajuane: nani amelala mgonjwa, nani ni mgeni asiye na jamaa mjini, nani ameanza kuuza vyombo vyake vya nyumbani. Ndiyo maana mtu aliyekuja Bujumbura kutafuta kibarua, akafa bila ndugu, anaweza kusitiriwa na watu waliomjua kwa salamu tu. Na katika msafara wa kwenda makaburini wamo Wakristo wa mtaa, ambao hawakuosha wala hawakuswali, lakini viti walivyokalia waombolezaji vimetoka kwao.

Nimeanza na mazishi kwa sababu huko ndiko jamii ya waumini inakojizoeza. Watu waliozoea kukusanyika ndani ya saa mbili ili wamsitiri maiti wana uwezo wa kukusanyika ndani ya saa mbili ili wamfiche aliye hai, na Bujumbura ilifika wakati wa kuuhitaji uwezo huo. Hoja yangu katika sura hii ni nyepesi kuisema, ngumu kuitenda: katika mji huu dini imeokoa watu pale ambapo waumini walimhesabu jirani kwa mtaa anaokaa. Pale walipomhesabu kwa kabila lake, au kwa orodha ya waliobatizwa, au kwa mwenendo wake walioudhania, dini ile ile ilimwacha mtu nje ya mlango.

Buyenzi ina historia yake. Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1897, na pamoja nao wakaja askari, wapagazi na wachuuzi kutoka Ujiji, Tabora na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wamanyema wakiwa wengi. Wabelgiji walipochukua nchi waliwapanga Waafrika wa mjini katika mitaa yao, na Waislamu wakawa na wao, Buyenzi. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, hivyo mtoto wa Kiislamu ambaye wazazi wake hawakutaka abadili dini alikuwa na nafasi finyu sana ya kuwa karani. Wakaingia biashara, uvuvi, udereva, ushonaji, ufundi wa magari. Hata baada ya uhuru, wengi waliwatazama kama wageni, ingawa babu zao walizikwa hapo. Katika sensa ya 2008 Waislamu walihesabiwa kuwa takribani asilimia 2.5 ya Warundi wote, wakati Wakatoliki walikuwa zaidi ya asilimia 60. Buyenzi, kwa hiyo, ni mahali ambapo watu wachache sana kitaifa ndio wengi mtaani.

Kisha ikaja Oktoba 1993. Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa kuwa rais mwezi Juni mwaka huo, aliuawa tarehe 21, na nchi ikaingia katika vita vilivyoua watu wapatao 300,000. Bujumbura iligawanyika kartiye kwa kartiye. Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu. Ngagara, Cibitoke, Nyakabiga na Musaga zikawa za Watutsi. Makundi ya vijana wenye silaha yalifunga barabara, yakauliza watu majina na asili zao, na mtu aliyekosea njia ya kurudi nyumbani aliweza kuuawa mchana kweupe. Familia zilihama usiku, kila moja ikielekea kwa watu wa asili yake.

Buyenzi haikugawanyika hivyo. Wahutu, Watutsi na watu wa kutoka Zaire waliendelea kukaa ua mmoja, na waliokuwa wakikimbizwa kutoka kartiye nyingine walipata pa kujificha. Haikuwa amani kamili. Machi 1995, Bwiza iliposhambuliwa, Buyenzi nayo iliguswa na damu, na Wazaire wengi walivuka mpaka kurudi kwao. Bwiza, kartiye ya jirani kabisa, ilifukuza sehemu kubwa ya wakazi wake Wahutu. Lakini miaka ya vita ilipopita, Buyenzi ilikuwa bado mtaa wa watu wote, na katika mji ule hilo lilikuwa jambo la nadra.

Kwa nini? Wapo wanaojibu kwa neno moja, Uislamu, na mimi siridhiki. Ukiwatazama watu wenyewe utaona sababu kadhaa zimesukwa pamoja. Ndoa zilikuwa zimeshavuka makabila kwa vizazi vitatu, kwa kuwa mchumba alitafutwa kwanza ndani ya dini. Mtoto wa Buyenzi mara nyingi alikuwa na wajomba upande mmoja na baba wadogo upande wa pili. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Vyeo vya serikali na jeshi, ambavyo wanasiasa walivigombania kwa kutumia makabila, havikuwa vimewafikia, hivyo hawakuwa na cha kugombania. Juu ya hayo yote kulikuwa na safu ya swala, mara tano kwa siku, bega kwa bega na mtu ambaye redio inasema ni adui yako. Naamini safu hiyo ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa imeshapata nyama na mifupa: watu waliosimama pamoja ndio waliooana, wakadaiana sokoni, wakazikana. Ibada peke yake, bila hayo, ingeweza kubaki mwendo wa viungo vya mwili. Sura ya 107 ya Kurani, al-Maun, inayosomwa na watoto wa chuoni kwa sababu ni fupi, inawaonya hasa wale wanaoswali huku wakiwanyima wenzao vitu vidogo vya kusaidiana.

Wala Waislamu hawakuwa peke yao. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, washambuliaji waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Waliuawa 40. Walikuwa vijana wa sekondari, waliokuwa wamelelewa kula meza moja na kusali pamoja, na saa ilipofika malezi yale yakawa ndiyo jibu lao.

Tuvuke sasa mto Ntahangwa tuingie kaskazini ya mji. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamisionari Waxaveri waliombwa kufanya jambo kwa ajili ya vijana wa kartiye sita: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere. Aliyeiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi ni padiri Mwitalia, Claudio Marano. Kituo kikaitwa Centre Jeunes Kamenge. Kilijengwa mahali ambapo kartiye hizo zinakaribiana, na milango yake ikawa wazi kwa kijana wa dini yoyote na kabila lolote: kuna maktaba, viwanja vya michezo, masomo ya lugha na kompyuta, sinema, ukumbi wa mikutano.

Orodha hiyo inaweza kuonekana ya kawaida, kituo cha vijana kama vingine. Ikumbukwe basi ni miaka gani. Juni 1995 jeshi liliingia Kamenge na wakazi wakakimbilia milimani; kartiye iliyojaa watu ikawa kuta zisizo na mabati. Kijana wa Ngagara hakuweza kukanyaga Kinama, wala wa Kinama Ngagara. Kituo kikabaki miongoni mwa mahali pachache katika eneo lile ambapo waliweza kukaa benchi moja. Mapadiri hawakuwa na bunduki, na ukuta wa kituo haukuwa wa kuzuia risasi. Kilichokilinda, kadiri kilivyolindwa, ni kwamba kila upande ulikuwa na watoto wake ndani.

Na jambo la maana zaidi kwetu ni kambi zake za kazi wakati wa likizo. Vijana wa kartiye zilizopigana walitoka pamoja kufyatua matofali na kuinua nyumba zilizobomolewa. Anayejua matofali ya udongo anajua hiyo si kazi ya kupigia picha. Udongo unachimbwa, unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu hadi ulainike; unapigwa ndani ya fremu ya mbao, fremu inainuliwa taratibu tofali lisivunjike pembe; kisha linaachwa juani, linageuzwa, linaachwa tena. Wawili wanabeba udongo, mmoja anashika fremu, mmoja analeta maji. Mtu hawezi kuwa na nafasi ya kumchukia mwenzake vizuri wakati wote wawili wamezama magotini katika tope moja na mvua inatishia kazi ya asubuhi nzima. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood ya Sweden, ile ambayo watu huiita Nobeli mbadala. Tuzo ilistahili, ingawa kwangu ushahidi mkubwa ni vijana waliokuwa wameingia hapo wakiwa na miaka 16 na wakawaleta wadogo zao.

Kuna namna ya kusaidia ambayo inamweka mtoaji juu na mpokeaji chini, na taasisi za dini zinaipenda kwa sababu inatoa shukrani nyingi. Gari linafika, mifuko ya mchele inashushwa, wimbo unaimbwa, picha inapigwa. Sikatai mchele, mwenye njaa anauhitaji leo. Lakini kambi ya matofali ilimpa kijana aliyepoteza nyumba yake nafasi ya kumjengea mwingine, na kufanya hivyo kulimrudishia kitu ambacho mfuko wa mchele hauna uwezo wa kukirudisha. Kila jumuiya ya waumini inayopanga msaada ingejiuliza hili kabla ya jingine lolote: je, wale tunaowasaidia wamepewa kazi gani katika kazi hii?

Nisiseme kana kwamba dini za Bujumbura zimefanya mema matupu. Katika miaka hiyohiyo ya vita, ukimwi ulikuwa ukiua kimya kimya, na mimbari nyingi zilizungumza juu yake kwa lugha ya adhabu. Siku moja, katika misa ya kuadhimisha siku ya ukimwi duniani, padiri aliwaombea wagonjwa huruma kwa maelezo kwamba walitenda dhambi. Mwanamke mmoja alisimama kati ya waumini akasema kwamba yeye anaishi na virusi, na kwamba alikuwa mwaminifu kwa mume wake. Huyo ni Jeanne Gapiya-Niyonzima, Mrundi wa kwanza kujitangaza hadharani. Alikuwa ameshampoteza mtoto na mume. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ANSS, chama cha kuwasaidia wanaoishi na virusi, ambacho baadaye kilifungua kituo cha matibabu mjini Bujumbura, Turiho, wakati dawa zilikuwa bado ghali kupita uwezo wa Mrundi wa kawaida.

Tukio lile huwa linasimuliwa kama habari ya ushujaa, na ni kweli. Mimi linanifundisha pia kitu kuhusu jumuiya za ibada. Watu waliokuwa katika mabenchi yale walikuwa wamekuja kusali kwa ajili ya wagonjwa, na mgonjwa alikuwa amekaa kati yao. Hawakumjua kwa sababu hapakuwa na namna salama ya yeye kujulikana. Padiri hakuwa na nia mbaya. Alichokosa ni kuuliza kwanza. Msamaria wa Injili ya Luka, anayehubiriwa mara kwa mara katika makanisa ya mji, hakumuuliza majeruhi alikuwa anatoka wapi. Alimfunga vidonda, akamlipia nyumba ya wageni. Kutoka ndani ya makanisa walijitokeza wengine walioielewa njia hiyo. Wajesuti walianzisha Service Yezu Mwiza kwa ajili ya wenye virusi. Wanawake wa kanisa la Marafiki, wanaojulikana zaidi kama Wakwekeri, walifungua kliniki ya Ntaseka huko Kamenge, mahali ambapo mama anapimwa na kutibiwa bila kuulizwa anasali wapi. ANSS yenyewe si shirika la dini. Hilo pia linafaa kukubaliwa kwa unyenyekevu: mara nyingine aliyeshika kazi ambayo kanisa lilipaswa kuishika ni muumini aliyelazimika kutoka nje ya kanisa ili aifanye.

Kusaidia kwa namna hii kuna gharama yake, na Kamenge inaijua. Tarehe 7 Septemba 2014 na usiku wa kuamkia tarehe 8, masista watatu Waxaveri waliuawa katika nyumba yao kwenye parokia ya Mtakatifu Guido Maria Conforti: Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernadetta Boggian. Wote walikuwa wazee, wa zaidi ya miaka sabini. Lucia alikuwa mkunga. Umri wao ulikuwa umewapa sababu halali ya kurudi Italia kupumzika, lakini walikuwa wamerudi Kamenge. Walizikwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, pamoja na wenzao wa shirika.

Miezi michache kabla ya hapo Kamenge ilikuwa imepigwa na dhiki ya namna nyingine: usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha, na maji yake yakateremka kutoka milimani na kupita kaskazini ya mji. Zile nyumba za matofali ya udongo, za Kamenge, Kinama na Buterere, ziliyeyuka juu ya watu waliolala. Zaidi ya watu sitini walikufa, na maelfu walibaki na nguo walizovaa. Katika dhiki za namna hii jumuiya za waumini huwa za kwanza kufika, kwa sababu zimo humohumo. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu nao wengi wao ni vijana wa mitaa hiyohiyo, ambao Ijumaa au Jumapili utawaona katika swala na misa. Madarasa yanakuwa mabweni, nguo zinakusanywa, vyungu vinawekwa motoni.

Ugumu unaanza wiki ya tatu. Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na kuingia Gatumba, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kwenda Uvira. Miaka iliyofuata maji ya Ziwa Tanganyika nayo yalipanda hadi yakafunika nyumba, mashamba na sehemu za barabara. Familia nyingi zilihamishiwa Maramvya, katika mahema, na mahema yakazeeka. Misaada ya mwanzo ilikuwa mingi: makanisa, misikiti, wafanyabiashara. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na hema likabaki na watu walewale, mtoto akikua ndani yake. Kutegemea serikali peke yake nako kuna mipaka: tangu 2016, Umoja wa Ulaya ulipositisha misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali, hadi 2022 ulipoondoa usitishaji huo, Warundi waliona jinsi hazina ya nchi inavyoweza kukauka. Michango ya waumini, faranga kwa faranga, haikukauka, lakini haikuwa imepangwa kwa ajili ya dhiki ya miaka.

Hapo ndipo ninapoona kazi iliyobaki. Zaka ina hesabu yake, asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, na fungu lake moja ni la wenye madeni. Zaka ya fitri ni kipimo cha chakula, kilo mbili na nusu hivi za nafaka kwa kila kichwa, kabla ya swala ya Idi. Wakatoliki wana makusanyo ya Kwaresima, Wapentekoste na Waadventista wana fungu la kumi. Fedha hizi zipo kila mwaka, zinajulikana zitakuja lini, na hazingoji ripoti ya mfadhili. Misikiti mitano na parokia tano zikikubaliana kila moja ishike familia chache za Maramvya kwa mwaka mzima, kuanzia sare na madaftari ya shule, hadi mtaji wa mama kuuza ndagala, hakuna anayepaswa kusubiri mkutano wa kimataifa. Wanaochagua familia wasiwe makasisi na maimamu peke yao; wawemo watu wa mahemani, ambao wanajua nani ana shida ya kweli na nani ana sauti kubwa tu.

Na liko jambo ambalo mchango hauwezi kulimaliza. Watu walijenga kwenye bonde la Rusizi kwa sababu huko ndiko walikopata kiwanja walichokimudu, na kiwanja hakigawiwi na parokia wala msikiti. Lakini wakuu wa Burundi ni watu wanaosali hadharani, wanaowaalika maaskofu, wachungaji na masheikh kwenye ibada za kitaifa na kuwaketisha viti vya mbele. Kiongozi wa dini anayekaa kiti hicho ana nafasi ambayo mama wa Maramvya hataipata maisha yake yote. Anaweza kuitumia kubariki hafla, kisha akaenda nyumbani. Anaweza pia, baada ya dua, kugeuka upande wa waziri aliyeketi jirani yake na kumuuliza familia za Gatumba zitapewa viwanja wapi, na lini, na kurudia swali hilo katika kila hafla hadi apewe jibu lenye namba ya kiwanja.